Mlango wa Kushoto

Jumamosi ya tatu ya mvua hapa Tukuyu,
mvua isiyonyesha ila inakaa tu
kama mgeni aliyeshaaga
na bado ameshika kikombe.

Meza ni ya cherehani, mashine nimeilaza tumboni mwake.
Juu yake dadu tatu, na ramani niliyoichora
nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Karanga ndizo uhai: ukijeruhiwa, unakula moja.
Lusajo ni mpiga upinde. Subilaga ni mganga
mwenye ngoma asiyojua kuipiga.
Tumpe, miaka kumi na mmoja, ni jitu.

Na Nsajigwa, binamu yao,
kashuka jana na basi la Iringa.

Nikasema: "Mbele yenu milango miwili.
Wa kulia unanuka moshi. Wa kushoto—"
"Wa kushoto msiuguse," akasema Nsajigwa,
anapuliza chai,
"una nyoka wa shaba. Ufunguo uko chini ya mtungi."

Nikasikia migomba ikichuruzika.
Tumpe akaiweka mezani dadu
aliyoipasha joto kiganjani tangu saa nane.

Kitendawili kisichomshinda mtu hakizai mji.
Nani atakupa Kyela,
uende, ule wali, urudi na habari?

Niliwaza hila zote. Nimhamishe nyoka
mlango wa kulia, amuume mjuaji.
Nimtume jikoni akamenye ndizi.
Kifutio kilikuwa tayari mkononi.

Nikamwita barazani, eti tukatazame pipa la maji.

"Umeshaucheza?"
"Mara mbili. Bwenini.
Msimulizi alikuwa na sauti mbaya kuliko yako."
Hapo nikatoa siri
ambayo hata Subilaga sikumwambia:
kitabu nilikinunua Mwanjelwa, kwenye rundo la mitumba,
kwa bei ya mafungu mawili ya nyanya,
na kurasa tano za mwisho zimeliwa na panya.
"Baada ya daraja sijui kuna nini.
Wewe unajua. Niambie."

Akautazama Mlima Rungwe, yaani pale ambapo
ungekuwepo kama kungekuwa na cha kuonekana.
"Ziwa Ngosi umelipanda mara ngapi?"
"Nne."
"Mara ya nne ulikuwa hujui kama kule juu kuna maji?"

Sikujibu. Mara ya nne ukungu ulifunika kila kitu,
tulikaa ukingoni tukila mihogo ya kuchoma,
tukisikiliza mahali palipo na ziwa.

"Basi sisemi," akasema. "Tunga."

Tulipokaa tena akakohoa.
"Nimechanganya na mchezo mwingine. Humu hamna nyoka."
Uwongo mtupu.
Akamsogezea Tumpe dadu.
"Jitu litangulie. Mimi giza naliogopa."

Na Tumpe akaufungua wa kushoto, angefungua upi,
na nyoka wa shaba akaamka,
na aliyeruka mbele ya jitu akaumwa mguu,
akatafuna karanga nne mfululizo
kwa uso wa mtu anayekata roho,
ni yuleyule aliyejua.

Daraja nililijenga huku nikilivuka, ubao kwa ubao.
Ng'ambo nikamweka bibi mmoja muuza maziwa mgando.
Hataki fedha. Ukitaka kupita mwachie jina
ulilokuwa ukiitwa utotoni
na mtu ambaye hayupo tena.
Lusajo alikaa kimya muda mrefu, kisha akalitaja,
akasema macho yanamwasha kwa moshi wa jiko.
Jiko lilikuwa limezimika tangu magharibi.
Nsajigwa alikuwa ameinamia meza,
mdomo wazi, chai yake imeota utando.

Usiku, anatafuta kiatu kimoja chini ya cherehani,
nikamnong'oneza:
"Kitabuni inaisha hivi?"
"Hivihivi," akasema,
"bibi, maziwa, kila kitu,"
akafunga kamba,
akaingia mvuani bila kunitazama usoni.